Nimelipamba Gari la Baba, Sasa Sina pa Kumlaza

Bi Mwaja mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla hujanikunjia uso ngoja nijitambulishe, maana mimi si mtu wa kuandika andika magazetini, msomaji wako ni dada yangu Deodatha, mimi ukurasa wako nilikuwa nauchungulia tu nikisubiri gundi ya tairi ikauke, nacheka matatizo ya watu, na leo nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu. Naitwa Mwesiga, wa Igurwa, Karagwe. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwamba akili haikuwepo, akili ilikuwepo ila ilikuwa imehamia kwenye magari, na ukiuliza pale Kayanga nani anafungua gia boksi ya Landrova na kuifunga bila kubakiza nati mezani, utaoneshwa Shaaban, halafu Shaaban atakuonesha mimi, maana yeye ndiye aliyenifundisha na sasa anajuta.

Sasa sikiliza. Baba yangu, mzee Leonidas, sisi kwetu baba tunamwita tata, ana Landrova ya diseli ya bodi ndefu, ya zamani hasa, na kijiji kizima wanaiita Mukaikuru, yaani bibi kizee, kwa sababu asubuhi ya baridi inaamka kwa kukohoa na kulalamika, lakini ikishaamka hakuna kazi inayoikataa. Hiyo ndiyo iliyokuwa inabeba wagonjwa wetu. Kabla yake mtu akizidiwa alibebwa kwa engozi, ile machela ya kusuka, wanaume wanaiweka mabegani na kupokezana mpaka hospitali ya Nyakahanga, na kila nyumba ilikuwa lazima itoe mbebaji, asiyetoa naye siku yake ikifika anajua. Chama hicho cha engozi kipo mpaka leo na tata ndiye mwenyekiti wake, ila alipopata gari engozi ikawa inaingia ndani ya Mukaikuru pamoja na mgonjwa wake, wabebaji wanakaa ubavuni kwenye mabenchi, na mimi tangu mdogo nakaa mbele na tata, kazi yangu kupiga honi watu wapishe. Kupiga honi nilikuwa bingwa, uliza yeyote.

Mwaka huu aliyezoea kubeba ndiye ameugua. Ni tumbo. Nyakahanga walifanya yote waliyoweza, mwisho daktari akatuita pembeni mimi na Deodatha akasema kwa upole tumrudishe nyumbani tumtunze, dawa za maumivu atapewa, nyumbani atakuwa na raha zaidi kuliko wodini. Sijasoma, Bi Mwaja, lakini hilo nililielewa. Tulirudi naye kwa teksi ya jirani, wakati huo alikuwa bado anaweza kukaa.

Wiki ileile ndiyo nilianza kazi kwenye gari. Tata alikuwa ameniambia funguo ni zako sasa, nyumbani kulikuwa kunanuka dawa, watu wanaingia na kutoka na sura za msibani na msiba wenyewe hakuna, mimi nikaona bora niende na Mukaikuru gereji kwa Shaaban nikawaoneshe watu fundi ni nini. Nikawa naondoka asubuhi narudi giza limeingia. Na niliwaonesha. Springi za nyuma nimeziongezea majani ya lori, zile bapa za chuma, gari imenyanyuka mpaka kuku wanapita chini na vifaranga wao bila kuinamisha kichwa. Nimefunga tairi pana za matope. Bomba la kuvutia hewa nimelipandisha mpaka usawa wa paa, tukivuka maji injini isinywe. Juu nimeweka keria ya chuma, ndani nimeng'oa yale mabenchi nikajenga kabati la vyombo, jiko la gesi la kuvuta kama droo, na meza ya kukunja kwa pembeni, maana Mansoor, mfanyabiashara wa Kayanga, anataka kupeleka wageni hifadhi ya Ibanda kule Kyerwa, akasema gari ya namna hiyo wageni wanaililia. Ekzosi nayo nimeipa sauti ya kiume.

Ndani kwenye mbavu za paa kulikuwa na kulabu nne nzito, mbayambaya, zimechomelewa na mtu ambaye si fundi, unaona kabisa mkono ulikuwa unatetemeka. Nilijua engozi ilikuwa inafungwa pale, ila nilidhani ni kuizuia isiteleze tu, na mtu si unamtandikia godoro sakafuni yakaisha. Nikazikata kwa grenda, pale zilipotoka nikasaga na kupaka rangi huwezi kujua, na kwa kuwa chuma chake kilikuwa kizuri nikazichomelea juu kwenye keria zishikilie madumu ya diseli. Zinapendeza, siwezi kudanganya.

Nikaenda kuijaribu njia ya Kimuli mvua imenyesha, kuna mlima pale malori yalikuwa yamelala ubavu kwenye utelezi, mimi nikaingiza gia nzito nikapita nawapungia mkono kama mbunge. Tatizo dogo tu ni kwamba bila mzigo nyuma inarusha, madumu yalikuwa yanaruka juu ya keria kama mbuzi wamefungwa karibu na mahindi, na sufuria mbili zilitoka kabatini zikanifuata mbele.

Siku niliyoiingiza uani tata alikuwa kitandani, dirisha limefungwa, akamtuma Deodatha aniite. Nikaingia. Huyu ni mtu aliyekuwa anabeba ekseli begani, Bi Mwaja, sasa Deodatha anamgeuza kwa mkono mmoja huku mwingine ananyoosha shuka. Akaniangalia, akasema, "Umebadilisha ekzosi. Sasa anakohoa kama mimi." Nikacheka, akacheka na yeye, kidogo, kisha akapumzika, halafu ndiyo akaniambia lake.

Anataka kwenda Kimuli. Dada yake, shangazi yetu Auleria, anaishi kule kwenye kibanja cha babu, miguu imemvimba hatoki nje ya migomba yake, na tata naye ndiyo huyo kitandani, yaani kati yao wawili hakuna mwenye miguu isipokuwa Mukaikuru. Walilelewa wawili tu baada ya bibi kufariki, shangazi alimbeba mgongoni huku na yeye ni mtoto. Anataka amwone, anywe uji wake, arudi. Iwe Jumamosi ya wiki ijayo kabla mvua hazijashika, na aende kama alivyowapeleka wenzake, kwenye engozi, chama kikiwa ubavuni. Deodatha akasema tukodi gari ndogo ya kistaarabu, tata akatikisa kichwa, kukaa hawezi tena, akikunjwa maumivu yanampanda mpaka anashindwa kuongea. Kisha akaniuliza, "Zile kulabu zipo?"

Nikajibu, "Zipo, tata."

Na si uongo, Bi Mwaja, zipo, ziko juu ya keria zimeshika madumu. Lakini alifumba macho akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na mimi nikatoka nje nikaenda kuangalia maji ya rejeta ambayo nilikuwa nimeshayaangalia.

Baada ya hapo wazee wa chama wakaja, wametumwa na tata wajiandae na safari. Nikawazungusha, nikawafungulia mlango wa nyuma, nikawavutia jiko wakaona linavyotoka. Mzee Mutalemwa, ambaye amebeba engozi na tata tangu ujana wao, akaingiza mkono akapapasa paa kwa ndani, taratibu, mpaka akafika pale nilipopaka rangi. Vidole vikasimama. Akauliza, "Mwesiga, engozi tutaifunga wapi?"

Nikamwambia mzee usiwe na wasiwasi, tata tutamkalisha mbele kama waziri. Hakuna aliyecheka. Mimi nimezoea watu kucheka. Mzee Mutalemwa akafuta mkono kwenye koti, akasema, "Baba yako hawezi kukaa," wakaingia ndani kumsalimia. Nilisimama dirishani nikisikiliza kama watanisemea, hawakunisemea, waliongea habari za kahawa tu. Wakati wa kuaga Mzee Mutalemwa alinishika bega akasema, "Bado kuna siku," akaenda zake. Tangu hapo Deodatha ananiwekea chakula mezani bila neno, na wewe humjui Deodatha, huyo akinyamaza ni kwamba amemaliza kusema.

Sasa nishauri. Nikimwambia kweli, atajua kwamba mwanaye alikata kulabu zake wakati yeye yuko kitandani, na kwamba alimwangalia usoni akamwambia zipo. Atakaa na hilo siku zake zilizobaki. Tena kuifungua kazi yote ile, wakati Mansoor ameshawaambia wageni. Njia nyingine ndiyo naiona laini, niseme Mukaikuru imekufa pampu, kifaa kinatoka Mwanza, tata mwenyewe anajua vifaa vinavyochelewa, hatauliza sana, na kwa hali yake ilivyo pengine mpaka kifaa kifike. Basi, niishie hapo. Nimwambie au nisimwambie? Ukiona nimekosea nichape taratibu, mimi si chuma. Namba yangu iko nyuma ya bahasha.

Mwesiga, fundi, Igurwa.

BI MWAJA ANAJIBU

Marahaba, Mwesiga. Jumamosi haisubiri gazeti, kwa hiyo maneno haya nimekutumia kwanza kwenye simu yako. Wasomaji watayakuta hapa ukiwa umeshafanya, au umeshashindwa.

Tuanze na ile sentensi uliyoiacha njiani, ya kifaa cha kutoka Mwanza. Uliogopa kuimalizia, nami nakumalizia: unataka baba yako afe kabla hajajua. Soma tena. Umeipaka rangi kama ulivyopaka rangi pale ulipokata kulabu, lakini kidole kikipita juu yake kinasimama palepale. Sikuhukumu kwa kuwaza hivyo, mtu mwenye hofu huwaza mengi. Nakukataza kufanya.

Na ule mzaha wa kwamba kulabu zipo juu ya keria, uache. Umenichekesha mimi nisiyekujua. Yeye hakukuuliza habari ya chuma. Alikuuliza kama ataweza kufika kwa dada yake bila kuumia.

Ngoja nikuoneshe kitu kilichomo kwenye barua yako mwenyewe na hukukiona. Umeandika kwamba kulabu zilichomelewa na mtu ambaye si fundi, mkono ukitetemeka. Mwanangu, gari halikutoka kiwandani na kulabu za kuning'inizia engozi. Ni nani aliyezichomelea? Ni huyo aliye kitandani. Aliona wagonjwa wanavyopigwa na mashimo sakafuni, akatafuta njia ya kuwatundika ili gari liruke na mgonjwa abaki ametulia. Wewe ulikaa mbele unapiga honi, hukugeuka. Ulidhani unalirekebisha gari la zamani, kumbe lilikuwa limesharekebishwa, tena na mtu aliyewaza juu ya mwili wa mwenzake kabla ya kuwaza wageni wataona nini.

Umeandika pia kwamba gari likiwa tupu madumu yanaruka. Kwa unavyomweleza, baba yako sasa hana uzito wa kulishinda dumu la diseli. Ukimlaza kwenye godoro lako la sakafuni, naye ataruka vivyo hivyo.

Basi, nimeshakuchapa. Sasa nisikilize vizuri, maana nimeona na jambo jingine. Kazi hii yote uliianza wiki ileile mliyomtoa Nyakahanga, ukawa unaondoka asubuhi na kurudi giza limeingia. Kuna watu wanaolia, wewe ulishika grenda. Mikono yako ilitaka kutengeneza kitu kwa sababu kuna kimoja hakitengenezeki. Hilo silioni kuwa dhambi, na nadhani hata baba yako hataliona hivyo. Aliposema gari linakohoa kama yeye, alikuwa anakufungulia mlango ukae naye. Ukacheka, ukatoka kwenda kuangalia rejeta.

Kwa hiyo leo hii, ukishasoma haya, usiende gereji. Ingia chumbani, mwombe Deodatha akupishe, kaa kitandani, si mlangoni. Mwambie: tata, nilikuambia zipo, nilizikata, na nazirudisha. Usiongeze kichekesho mbele wala nyuma. Akikasirika, mwache akasirike, ni baba, ana haki ya kukasirika akiwa hai. Akinyamaza, usikimbie ukimya wake. Kisha mwulize mambo ambayo yeye peke yake anayajua: kulabu zilikaa umbali gani kati yake, kamba ilikuwa ndefu kiasi gani, kichwa cha mgonjwa kilielekea wapi mlimani na wapi mteremkoni. Mzee Mutalemwa anajua kubeba, lakini aliyepima ni baba yako, na umebakiwa na muda mdogo wa kumwuliza. Mtu ambaye siku zote hizi anageuzwa na kulishwa, mpe kazi anayoiweza. Awe fundi wako mkuu siku hizi zilizobaki. Lisogeze gari kwenye dirisha lake, mlango wa nyuma ukiwa wazi, upime akikuona, akuambie hapo, hapana, shusha kidogo.

Halafu kabati litoke. Jiko litoke. Benchi lirudi, angalau la upande mmoja, wabebaji wapate pa kukaa. Majani ya lori uyapunguze mpaka gari lilegee, Shaaban atakusaidia na atakucheka, vumilia, wewe umecheka wengi. Bomba la hewa na tairi ziache, njia ya Kimuli ikilowa utazihitaji, na pale ulifanya kazi nzuri, nakusifu bila kinyongo. Mansoor mwambie wazi kwamba gari lina kazi ya nyumbani. Akiwa mfanyabiashara mwenye akili atangoja, na asipongoja wageni hawaishi.

Kulabu zikisharudi, usimweke baba yako kwanza. Panda wewe. Lala kwenye engozi, ufungwe, Shaaban ashike usukani, uende mpaka Omurushaka na kurudi, ukiwa umelala chali unaangalia paa ulilolikata. Kila shimo litakaloufikia mgongo wako, shuka urekebishe, upande tena. Siku utakayorudi bila kujua gari limepita kwenye shimo lipi, hapo ndipo umwambie baba yako liko tayari.

Kabla ya safari mwiteni muuguzi amwone, apange dawa za maumivu za njiani, za kwenda na za kurudi. Mwondoke mapema, mwende polepole, umbali wenyewe si mashindano na malori. Na muuguzi akisema safari haiwezekani, msibishane naye wala msimlazimishe mgonjwa. Gari hilohilo, engozi hiyohiyo, chama hichohicho, nendeni Kimuli mkamlete shangazi Auleria. Alimbeba akiwa mtoto, hatakataa kubebwa kwenda kumwona. Aje na unga wake, uji utapikwa Igurwa. Mradi wawili hao waonane, nani aliyefunga safari si muhimu.

Uliniuliza umwambie au usimwambie. Unaogopa kwamba atakaa na hilo siku zake zilizobaki. Wewe, Mwesiga, una siku nyingi kuliko zake, na ndiwe utakayekaa na gari, na uani, na dada asiyesema, na wazee watakaokusalimia kila Jumapili bila kukusemea. Afadhali yeye ajue sasa, akiwa bado na pumzi ya kukuambia "hapo, shusha kidogo."

Na siku ikifika, ukishamzika na kumlilia, utarudi kwenye biashara zako, jenga kabati upya, liwe la kutoa na kuweka. Lakini kulabu zile usiziguse tena. Pale Igurwa kuna watu ambao bado hawajaugua, na wewe ni mmoja wao.